Si Kila Asiyelala Ana Mawazo

Mtu akilalamika kwamba halali vizuri, mara nyingi wanaomsikiliza huwa wameshapata jibu kabla hajamaliza kueleza: ana mawazo. Neno hilo ni jepesi mdomoni, lina huruma ndani yake, na halimwaibishi anayeambiwa. Katika siku za kawaida huwa ni makisio tu, na makisio yanaweza kuhojiwa. Unapofika wakati wa misukosuko, kazi zinapopotea, maradhi yanapoenea, watu wanapohama makwao au kuzika wapendwa wao kwa kufuatana, makisio hayo hugeuka kuwa hukumu. Kila mtu ana sababu ya kutolala, sababu yenyewe inaonekana kwa macho, na hakuna anayeona haja ya kuuliza swali la pili. Hoja yangu ni kwamba swali hilo la pili ndilo lenye thamani, kwa sababu kipindi kigumu, pamoja na kuvuruga usingizi wa wengi, huwa ni pazia linaloficha maradhi ya usingizi yaliyokuwepo kabla yake, au yasiyo na uhusiano wowote na huzuni wala hofu.

Mawazo nayo yapewe haki yake, kwani hukosesha usingizi kweli. Usingizi wa mwanadamu unaendeshwa na mambo mawili makuu, ambayo mtafiti Alexander Borbély aliyaeleza mwaka 1982 kwa namna inayotumika hadi leo: la kwanza ni hamu ya usingizi inayojilimbikiza kadiri mtu anavyokaa macho, na la pili ni saa ya mwili, iliyoko ndani ya ubongo, inayopanga ni wakati gani mwili uwe tayari kulala na wakati gani uwe tayari kuamka. Juu ya hayo mawili kuna mlinzi. Ubongo unaohisi hatari hauruhusu mwili ulale fofofo. Mapigo ya moyo hayatulii, masikio hubaki wazi, na kinachopatikana ni usingizi wa mang'amung'amu. Mwili hapo haujakosea chochote. Aliyepokea habari mbaya jioni akakesha hadi alfajiri, au aliyekosa usingizi kwa wiki kadhaa baada ya msiba, hana ugonjwa, na kumwambia kwamba anao ni kumwongezea mzigo.

Ugonjwa sugu wa kukosa usingizi una vigezo vyake. Mtu awe anachelewa kushikwa na usingizi, au anaamka katikati ya usiku na kushindwa kurudi, au anaamka mapema mno; hali hiyo imtokee angalau mara 3 kwa wiki kwa miezi 3 au zaidi; na mchana wake uwe umeathirika, iwe ni kwa uchovu, hasira za karibu au akili isiyoshika jambo. Kuna kigezo kimoja zaidi ambacho husahaulika, nacho ndicho chenye uzito mkubwa zaidi katika nyakati za vurugu: mtu huyo awe alikuwa na nafasi ya kulala. Anayemuuguza mgonjwa usiku kucha, anayefanya kazi zamu mbili ili kufidia kipato kilichopotea, au anayelala watu wanane katika chumba kimoja chenye kelele, hana ugonjwa wa kukosa usingizi, amenyimwa usingizi. Akipewa chumba chenye giza na saa nane za utulivu atalala kama pono. Huyu hahitaji kidonge, anahitaji mtu wa kumpokea zamu, na daktari anayemwandikia dawa bila kumuuliza analala wapi na na nani anatibu hali ambayo haijui.

Tatizo la kweli huanza pale tukio linapopita na kukosa usingizi kukabaki. Arthur Spielman, mwanasaikolojia wa Marekani, pamoja na wenzake, walitenganisha mwaka 1987 mambo matatu ambayo mazungumzo ya kawaida huyachanganya: yale yanayomfanya mtu awe mwepesi wa kukosa usingizi tangu mwanzo, lile lililowasha moto, na yale yanayouchochea moto huo usizimike. Kufiwa au kufukuzwa kazi huwa ni kiberiti. Kuni, kwa sehemu kubwa, ni juhudi za mgonjwa mwenyewe za kuutafuta usingizi.

Mtazame mtu huyo saa tisa usiku. Alipanda kitandani saa mbili kwa sababu jana hakulala, akapata usingizi hadi saa saba, na tangu hapo anagaagaa. Anageuza simu aone saa, mwanga unampiga usoni, anapiga hesabu: nikilala sasa hivi nitapata saa tatu. Hesabu hiyo ameshaipiga saa saba na nusu, akairudia saa nane. Anafumba macho kwa nguvu, kana kwamba usingizi ni mlango unaofunguka kwa kusukumwa. Asubuhi anajilaza hadi saa tatu ili afidie, mchana anajinyoosha kidogo, alasiri anakunywa kahawa ili asimalize siku akiwa mzigo, na ikifika saa mbili ya usiku anarudi kitandani mapema kwa kuwa jana hakulala. Kwa muda wa juma moja amekaa kitandani saa tisini hivi na kulala chini ya nusu yake. Kitanda, ambacho kilikuwa mahali pa kulala, kimejifunza kazi nyingine. Dalili ya hali hii ni rahisi kuitambua, na wengi huisimulia kama kichekesho: anasinzia kochini mbele ya televisheni hadi kichwa kinadondoka, kisha akiingia kitandani macho yanafunguka kabisa.

Tiba inayopendekezwa kwanza kwa ugonjwa huu si vidonge. Chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, American College of Physicians, kilitoa mwongozo mwaka 2016 unaoitaka tiba ya kisaikolojia inayobadili tabia na fikra zinazohusu usingizi iwe ndiyo ya kwanza kwa watu wazima wote wenye tatizo sugu. Sehemu mbili za tiba hiyo huwashangaza wagonjwa. Moja, iliyoanzishwa na Richard Bootzin mwaka 1972, humtaka asiyepata usingizi atoke kitandani, aende kukaa mahali pengine penye mwanga hafifu, na arudi usingizi unapomjia. Nyingine hupunguza muda wa kukaa kitandani ulingane na usingizi anaoupata kweli, kisha huuongeza kidogo kidogo. Anayeambiwa alale muda mfupi zaidi ili alale vizuri huhisi anadhihakiwa, na wiki ya kwanza kweli huwa ngumu. Ndiyo maana dereva wa masafa marefu, mwenye kifafa au mwenye maradhi ya kubadilika hisia kupita kiasi hapaswi kuijaribu bila usimamizi. Lakini lililo muhimu kwa hoja yangu ni kwamba tiba hii haisubiri mawazo yaishe. Deni linaweza kuwa bado halijalipwa, marehemu hawezi kurudi, na usingizi ukarudi. Wataalamu wenyewe walichukua muda kulikubali hilo: ni katika toleo la mwaka 2013 la mwongozo wa maradhi ya akili wa Marekani, DSM-5, ndipo kukosa usingizi kulipoacha kugawanywa kati ya kule kunakojitegemea na kule kunakohesabiwa kuwa kivuli cha ugonjwa mwingine, na kuanza kutambuliwa kama ugonjwa unaostahili tiba yake hata pale unapoambatana na sonona au wasiwasi.

Hadi hapa nimezungumzia watu ambao mawazo yalikuwa angalau mwanzo wa shida yao. Sasa nije kwa wale ambao jibu la "mawazo" huwapoteza kabisa.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo kliniki nyingi zingefaidika kwa kuyatenganisha: kuchoka na kusinzia. Mwenye ugonjwa wa kukosa usingizi huchoka, mwili umemlegea, macho yanamwasha, lakini mpe godoro saa nane mchana na hatapata hata lepe la usingizi. Anayesinzia ni mwingine. Huyu usingizi humchukua akiwa kwenye kikao, akiwa anasoma, akiwa abiria ndani ya gari, na siku mbaya zaidi akiwa ameshika usukani. Murray Johns, daktari wa Australia, alitunga mwaka 1991 kipimo cha maswali 8 kiitwacho Epworth, ambacho humtaka mtu akadirie uwezekano wa kusinzia katika mazingira ya aina hiyo. Alama zinaanzia 0 na kuishia 24, na anayezidi 10 huhesabiwa kuwa na usingizi wa mchana uliopita kiasi. Si kipimo cha kutoa uamuzi wa mwisho, lakini kinauliza jambo sahihi. Mtu anayesinzia hovyo mchana ilhali anakaa kitandani saa nane kila usiku hajaelezwa bado na mtu anayemwambia apunguze mawazo.

Rafiki yangu wa miaka mingi alipoteza kazi katika kipindi ambacho wengi walipoteza kazi. Alianza kuamka mara nne au tano usiku, kwenda haja ndogo, kurudi, kuamka tena. Asubuhi kichwa kinamuuma na mdomo umekauka, mchana analala akiwa ameshika kijiko. Kituo cha afya alichokwenda walimuuliza kama kuna jambo linalomsumbua, akasema kazi, na mazungumzo yakaishia hapo. Akatoka na dawa za usingizi. Kwa mwezi mzima alizimeza, na kwa mwezi mzima hali ilizidi. Aliyelitatua fumbo ni mkewe, aliyeweka simu kando ya mto na kurekodi. Nimeisikiliza rekodi hiyo. Kunaanza kukoroma kunakopanda taratibu, kisha ghafla kimya, kimya kisicho cha mtu aliyelala bali cha chumba kisicho na mtu, na ndani yake sauti ya mkewe ikihesabu kwa kunong'ona: kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa. Kisha mkoromo mmoja mkubwa, kama mtu anayeibuka kutoka chini ya maji, na mke akisema, "Geuka, mume wangu."

Hiyo ni apnia ya usingizi. Njia ya hewa nyuma ya ulimi hulegea mtu anapolala na kujifunga, hewa haipiti kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni hushuka katika damu, ubongo hushtuka na kumwamsha mtu kwa kiasi cha kumwezesha kuvuta pumzi, naye hakumbuki chochote asubuhi. Kujifunga huko, kuwe kamili au nusu, kukitokea mara 30 kwa saa au zaidi huitwa hali kali, na hesabu yake ni kuamshwa kila baada ya dakika mbili usiku kucha. Ugonjwa huu huenda sambamba na shinikizo la damu lisilosikia dawa. Kwenda haja ndogo mara kwa mara usiku ni dalili yake inayojulikana, ingawa wagonjwa wengi huihusisha na kibofu au umri. Pombe na baadhi ya dawa za usingizi hulegeza zaidi misuli ya koo, au huzuia ubongo usishtuke kwa wakati, na hilo ndilo lililomfanya rafiki yangu azidi kuharibikiwa akiwa anatibiwa. Kipindi cha misukosuko huongeza uzito kwa baadhi ya watu, huongeza ulevi kwa wengine, na yote mawili huuzidisha. Kwa hiyo apnia inaweza kujitokeza hasa katika msimu ambao kila mtu ana maelezo mengine tayari. Wanawake hukosewa zaidi, kwa kuwa wengi wao hawaendi kwa daktari na malalamiko ya kukoroma bali ya uchovu, kichwa kuuma asubuhi na usingizi uliokatikakatika, na hayo yote huingia kwenye kapu la mawazo kwa urahisi mno. Tiba ipo tangu mwaka 1981, Colin Sullivan wa Sydney alipochapisha matokeo ya mashine inayosukuma hewa kupitia puani ili kuizuia njia isijifunge.

Miguu nayo ina ugonjwa wake. Jioni mtu akitulia, miguu hukataa kutulia. Wengine husema ni kama wadudu wanatembea ndani ya mifupa, wengine hushindwa kabisa kueleza na kubaki kusema inawavuta. Hamu ya kuichezesha haizuiliki, kutembea huleta nafuu, kulala chini huirudisha, na usiku ni mbaya kuliko mchana. Karl-Axel Ekbom wa Uswidi aliueleza ugonjwa huu kwa kina mwaka 1945. Anayeugua huonekana kama mtu mwenye wasiwasi, anatembea sebuleni saa sita usiku, na ndiyo maana huambiwa ana wasiwasi. Chanzo kimojawapo ni upungufu wa madini ya chuma, ambao unaweza kuwepo hata kama kipimo cha kawaida cha wingi wa damu kimetoka salama, kwa hiyo kipimo kinachotakiwa ni kile cha akiba ya chuma mwilini, yaani feritini. Wajawazito na wenye figo zilizoshindwa kazi huupata zaidi. Baadhi ya dawa za sonona, pamoja na dawa za mzio zinazoleta usingizi ambazo watu hujinunulia, huuchochea. Mtu huyo akitibiwa mawazo, basi, anaweza kuzidishiwa ugonjwa na tiba yenyewe.

Kundi la tatu ni la waliopishana na saa. Saa ya mwili kwa watu wengi huzunguka kwa muda unaozidi saa 24 kidogo, hivyo lazima irekebishwe kila siku, na kinachoirekebisha kuliko kingine chochote ni mwanga. Ratiba zinapovunjika, watu wakikaa ndani, wakichelewa kuamka na kukosa jua la asubuhi, saa hiyo huteleza mbele. Mwenye tatizo hili hujieleza kwamba halali, lakini ukimuuliza kwa makini utagundua kwamba analala vizuri kabisa, ila kuanzia saa tisa usiku hadi saa tano asubuhi. Mwache siku ambayo hana pa kwenda na ataamka mzima. Vizuizi vya mwaka 2020, wakati wa Uviko-19, vilifundisha kitu hapa: uchunguzi uliofanywa Uswisi, Austria na Ujerumani ulionyesha kwamba watu walilala muda mrefu zaidi, na tofauti kati ya siku za kazi na za mapumziko ikapungua, huku wao wenyewe wakisema ubora wa usingizi umeshuka. Wingi wa usingizi na utamu wake vilikwenda njia mbili tofauti. Kwa aliyeteleza, mwanga mkali asubuhi na kuamka saa ileile kila siku vitamfaa kuliko dawa ya kulala.

Yapo mambo ya usiku ambayo hutisha kuliko yanavyodhuru, na mengine yanayodhuru kuliko yanavyotisha. Jinamizi liko upande wa kwanza. Mtu anaamka, macho yako wazi, hawezi kuinua hata kidole, anahisi kuna kitu kimemkalia kifuani na pengine anakiona. Katika usingizi wa ndoto ubongo huizima misuli ili tusizitende ndoto zetu. Wakati mwingine akili huamka kabla ya misuli kuachiliwa, na ndoto humwagika chumbani. Kukosa usingizi na kulala chali huongeza uwezekano wake, kwa hiyo si ajabu kwamba huzidi katika nyakati ngumu. Hupita kwa sekunde au dakika chache. Iwapo, hata hivyo, linaambatana na kusinzia kusikozuilika mchana na magoti kulegea ghafla mtu anapocheka, hapo narkolepsia, ugonjwa wa ubongo kushindwa kudhibiti usingizi, ichunguzwe, nayo si matokeo ya fikra nyingi hata kidogo.

Upande wa pili yupo mwanamume wa makamo, mara nyingi aliyevuka miaka 50, aliyeanza kupiga ngumi na mateke usingizini, akiamshwa anasimulia kwamba alikuwa anapigana na mtu au anafukuzwa na mnyama. Kufuli ya misuli niliyoitaja haifungi tena. Carlos Schenck na Mark Mahowald wa Marekani waliueleza ugonjwa huu mwaka 1986, na miaka iliyofuata ilionyesha kwamba wengi wa wenye hali hii baadaye hupata ugonjwa wa Parkinson au maradhi ya jamii yake, wakati mwingine baada ya miaka zaidi ya kumi. Kumwambia mtu huyo kwamba anaweweseka kwa sababu ya habari mbaya anazosikiliza ni kosa ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote niliyoyataja. Waliopitia vita au ukatili nao huota ndoto kali na kushtuka wakipiga kelele, na ndoto hizo zina tiba yake. Ndiyo sababu zaidi ya kuwatenganisha, maana wote wawili hustahili kitu bora kuliko pole.

Katika kutenganisha huku vifaa ghali huja mwisho. Daftari la wiki mbili, lenye saa ya kupanda kitandani, makadirio ya saa ya kulala, mara za kuamka, saa ya kutoka kitandani, kahawa, pombe na dawa, humwonyesha daktari kama anashughulika na kitanda kilichojifunza vibaya, saa iliyoteleza, au mtu asiyepewa nafasi. Saa za mkononi zinazodai kupima usingizi siziamini sana. Zinakisia kwa mwendo na mapigo ya moyo, na nimeona mtu aliyeamka mchangamfu akanywea baada ya kusoma alama zake. Shahidi mwenye thamani kubwa ni anayelala karibu, kwa kuwa mgonjwa wa apnia au wa ngumi za usiku hana habari na usiku wake mwenyewe. Asiye na mtu ana simu. Na swali la mchana lisikosekane: unachoka, au unasinzia?

Rafiki yangu alipelekwa kupimwa, akapewa mashine, na wiki mbili za kwanza aliichukia, akasema inamfanya aonekane kama rubani. Sasa analala nayo hadi alfajiri, anaamka mara moja au asiamke kabisa, na maumivu ya kichwa yamekwisha. Kazi bado hajapata.